Ratiba ya Miezi Thelathini na Minne

Jumapili, 27 Aprili 2025. Kibaha

Nimeamua. Nasoma masters. Naandika hapa ili kesho nisijiruke mwenyewe.

Abeid kaja na kipeperushi cha chuo kutoka kazini kwake. Karatasi inang'aa. Dada mmoja wa joho anacheka, meno yote nje. Chini yake: Shahada ya Uzamili katika Elimu, miezi kumi na nane, masomo Jumamosi na Jumapili, kituo cha Kibaha. Miezi kumi na nane! Abeid, mume wangu, akapiga hesabu palepale huku anamenya chungwa. Eti Novemba naanza, Mei 2027 nimemaliza, Juni nimehamia Kibaha, Julai tunapaka rangi chumba cha Zuwena. Ndiyo hasara ya kuolewa na ofisa mipango. Kwake kila kitu kinaisha tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye kikao.

Nimemcheka. Lakini ukweli nauandika: nataka. Yeye yuko Kibaha, mimi nafundisha huko mbele ya Mzenga, katikati yetu wilaya nzima na tope lake. Chuo cha ualimu cha hapa Kibaha nilichoomba kuhamia kimenijibu wazi, wakufunzi wanachukua wenye masters tu. Bila hiyo karatasi tutabaki hivi hivi, wikiendi kwa wikiendi, na mtoto wa miezi saba atamjua baba yake kwa video call. Juzi Zuwena aliibusu simu. Shangazi anayenisaidia mtoto akacheka. Mimi nilicheka kidogo tu.

Jumatatu, 28 Aprili. Shuleni

Nimemuuliza Hashiru. Hapa shuleni tunamwita Master. Hajawa master, lakini jina lilitangulia na yeye akaliacha litangulie. Alianza 2016. Tangu hapo anatuambia kilichobaki ni tasnifu tu. Alisema hivyo siku ya harusi yake. Akasema mtoto wa kwanza alipozaliwa. Huyo mtoto sasa yuko darasa la pili, anasoma vitabu — na baba yake kabakiza tasnifu tu.

Kumbe msimamizi wake wa kwanza alistaafu. Wa pili alikwenda nje kusoma zaidi. Wa tatu hapokei simu. Akaniambia, mdogo wangu, usihesabu miezi, hesabu wasimamizi. Akanyanyuka akaenda Fomu Two kufundisha Jiografia, mwendo wa msomi, chaki sikioni.

Haya bwana. Nimekaa na kalenda. Nimetoa mwezi mzima wa Ramadhani. Nimetoa masika, barabara ikikatika sitoki. Nimetoa mitihani ya taifa. Nimetoa malaria mbili, moja yangu na moja ya mtoto. Nimetoa msimamizi asiyepokea simu: miezi sita, na hapo nimemwonea huruma. Miezi kumi na nane ya kipeperushi ni miezi thelathini na minne ya huku kwetu. Nikianza Novemba namaliza Septemba 2028. Zuwena atakuwa anatimiza miaka minne.

Miaka minne! Ataweza kuniuliza mwenyewe nilikuwa wapi.

Alhamisi, 1 Mei. Kisarawe

Mei Mosi. Tumeandamana na fulana. Yangu ya saizi ya Mkuu wa Shule, ya Mkuu ya saizi yangu, na wote tukakataa kubadilishana, kila mmoja kwa sababu zake. Kitumbo cha Mkuu kilikuwa kinasoma mabango kabla yake.

Nimepewa cheti cha mfanyakazi hodari. Makofi. Mkuu akaniinamia sikioni: mtaaluma wangu, wewe siwezi kukuachia uende popote. Alidhani ananisifu.

Sijamwandika vizuri humu huyu Mkuu. Ambokile ni jina lake, mtu wa Tukuyu, mcheshi, hana ubaya wa makusudi. Ugonjwa wake ni mmoja: hajawahi kuandika kitu chake mwenyewe. Akitakiwa kuandika chochote, swali la kwanza ni una sampuli? Taarifa ya robo mwaka — sampuli. Hotuba ya mahafali — sampuli, tumeisikia mara nne, mpaka wazazi wanaimalizia. Mwaka jana kachukua sampuli ya barua ya rambirambi kwa ajili ya msiba wa mzee Mwinjuma, akasahau kufuta jina la marehemu wa kwanza. Msiba mmoja, marehemu wawili. Familia walisoma wakatazamana. Na bado hajapona.

Jumapili, 4 Mei

Sikwenda Kibaha, barabara mbaya. Nimetengeneza ratiba. Mwaka huu Ofisi ya Elimu wanataka kila anayeomba ruhusa ya kusoma aambatanishe mpango wa muda, waone vipindi havitakufa. Basi wamenipata! Mimi ndiye mtaaluma, ninayepanga vipindi vya shule nzima, walimu kumi na moja, mikondo minane, chumba cha maabara kimoja chenye popo. Nitashindwa kupanga maisha yangu?

Nimepanga mpaka nusu saa. Nilitaka iwe ya kweli, nisimdanganye mtu wala nisijidanganye. Saa 11 alfajiri, kunyonyesha. Saa 11:30, kusoma kurasa kumi. Vipindi. Saa 7 mchana, nyumbani, kunyonyesha. Saa 8, kusahihisha. Saa 1:30 usiku, kumsikiliza Shangazi. Jumamosi: masomo, kisha kulala kwa Abeid, Kibaha. Na kadhalika, miezi thelathini na minne, kurasa sita. Rangi ya kijani kwa masomo, ya njano kwa kazi. Jamani ni nzuri! Nimeiangalia kama mtu anavyoangalia gauni lake jipya.

Shangazi Siwema, ambaye alitoka Kurui kuja kunisaidia mtoto kwa wiki mbili na huu ni mwezi wa sita, akauliza hayo makaratasi yanasema nini. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, weye mwanangu, mie umenipa nusu saa tu kwa siku?

Nimemwongezea robo.

Jumanne, 6 Mei

Nimepeleka barua kwa Mkuu. Barua yoyote ya mwalimu lazima ipite mikononi mwake. Chini kuna nafasi, Maoni ya Mkuu wa Shule, mistari mitatu, sahihi, mhuri. Ndipo iende Ofisi ya Elimu, Kisarawe. Isipopita kwake haijaandikwa.

Barua aliiweka pembeni. Ratiba ndiyo aliyoisoma. Au tuseme aliitazama, maana aliipindua kurasa sita kwa dakika moja. Akasema, Fadhila, hii ni kazi ya kitaalamu. Hii rangi umeiwekaje? Naomba soft copy — nataka niwaonyeshe wakuu wenzangu kama sampuli.

Nikamtumia WhatsApp palepale. Nilifurahi! Natembea kurudi darasani na kiburi kimenikaa shingoni. Mjinga mimi.

Ijumaa, 9 Mei

Barua ipo mezani kwake. Nimeiona. Kikombe cha chai kimekaa juu yake.

Jumatano, 14 Mei

Barua haipo mezani. Nimemuuliza. Ipo kwenye mchakato, anasema. Mchakato ni neno zuri sana, halina miguu wala anwani.

Kwenye kikao akatutangazia kwamba mwaka huu kila shule inapeleka jina moja tu. Akakohoa. Akasema jina la shule yetu limeshapatikana kwa kuzingatia vigezo. Walimu wote wakanigeukia mimi. Madam wa Kiswahili akanifinya paja kwa furaha. Mkuu akaangalia dirishani.

Jumatatu, 19 Mei

Leo. Leo ngoja niandike polepole, sijui ni hasira au ni kicheko.

Mkuu kaniita ofisini baada ya mstari wa asubuhi. Kanipa bahasha kubwa. Akasema, wewe ni mtaaluma, jicho lako kali, nipitie hapa kama kuna makosa ya uchapaji, inakwenda Kisarawe mchana. Halafu kama mtu anayeomba chumvi akaongeza: na mimi nimeona nijiendeleze. Umri unakwenda. Wewe bado kijana, mwakani upo.

Nimefungua. Mpango wa Muda wa Masomo ya Uzamili, Mwalimu Ambokile. Kurasa sita. Kijani changu. Njano yangu. Miezi yangu thelathini na minne, na mpaka zile malaria mbili.

Nikasema nitalia hapa hapa mbele ya picha za viongozi. Nikashuka na macho kwenye karatasi ili asinione. Ndipo nikaona.

Saa 11 alfajiri: Mwalimu Ambokile, kunyonyesha.

Nikapindua. Saa 7 mchana: nyumbani, kunyonyesha. Saa 1:30 usiku: kumsikiliza Shangazi — na ile robo niliyomwongezea, hamna! Kumbe nilimtumia toleo la kwanza! Jumamosi: kulala kwa Abeid, Kibaha. Kila siku, kila wiki, mpaka Septemba 2028. Miaka mitatu kasoro baba wa watu ananyonyesha bila kukosa, asubuhi na mchana, hata sikukuu.

Na chini kabisa sahihi yake, ile ya mkia mrefu, na mhuri wa shule juu yake.

Akauliza, vipi, kuna makosa ya uchapaji? Nimesoma tena. Nimesoma vizuri, kwa jicho langu kali. Kila herufi mahali pake, kila nukta mahali pake. Nikamjibu, makosa ya uchapaji hakuna, Mkuu.

Na sikusema uongo! Akaifunga bahasha kwa gundi.

Nimerudi nyumbani saa saba, nimemweka Zuwena kifuani, nimecheka mpaka maziwa yakampalia mtoto. Halafu nimelia. Shangazi kauliza kuna nini. Nimemwambia wamechukua nafasi yangu. Akasema, basi mbona unacheka?

Jumamosi, 24 Mei. Kibaha

Nimemsimulia Abeid. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Kavaa uso wa kikaoni. Ungemwambia palepale, anasema. Ungekwenda kwa Ofisa Elimu. Ungeandika malalamiko, nakala kwa fulani, nakala kwa fulani. Nikamwambia, Abeid, malalamiko ya mwalimu yanapita wapi? Yanapita kwa Mkuu wa Shule.

Halafu akanikera. Kasema labda tungoje mwakani kweli, Zuwena awe ameachishwa. Kasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. Nikamwambia mwakani ni rahisi kwako, wewe unalala usingizi wako wote Kibaha hapa na feni. Mimi ndiye ninayembeba mtoto mkono mmoja na chaki mkono mwingine. Akaniambia, na mimi ndiye ninayebusiwa simu, Fadhila.

Loh. Zuwena katikati yetu anatafuna ile picha ya dada wa joho. Kala kofia yote.

Jumanne, 27 Mei

Imerudi!

Bahasha imerudi kutoka Kisarawe. Madam Eugenia, Ofisa Elimu, mama mfupi anayeandika kwa kalamu nyekundu kana kwamba bado anasahihisha insha. Mkuu aliisoma peke yake, akafunga mlango. Tulisikia kiti kinaburuzwa. Halafu akamwita Hashiru.

Hashiru katoka kijasho kinamtiririka. Kumbe yeye ndiye aliyemwandalia! Kaniapia kwenye korido: mimi Mkuu aliniambia badilisha jina, nikabadilisha jina. Hakuniambia kitu kingine. Nikamuuliza, na wewe hukusoma? Akasema alidhani ameshasoma Mkuu. Mtu kabakiza tasnifu tu.

Saa sita nikaitwa mimi. Bahasha ilikuwa wazi mezani. Nimeisoma kichwa chini miguu juu, ualimu nao una faida zake. Maandishi mekundu:

Moja. Mwombaji anamnyonyesha nani?

Mbili. Shangazi ni nani, na kwa nini asikilizwe kila siku?

Tatu. Jumamosi mwombaji analala kwa Abeid. Abeid ni nani? Mwombaji afike ofisini kwangu mwenyewe Ijumaa tarehe 30 kwa maelezo. Nafasi ya shule ibaki wazi hadi siku hiyo saa 9:30 alasiri.

Nimeuma ulimi mpaka nikaonja damu.

Mkuu hakupandisha sauti. Kainamisha kichwa, kwa mara ya kwanza nikaona ana mvi nyingi nyuma. Akaniambia niandike barua fupi, nieleze kwamba mimi kama mtaaluma ndiye niliyeingiza mambo hayo kwa bahati mbaya. Nikamwambia, Mkuu, nikiandika kwamba anayenyonyesha ni mimi, haitajulikana ratiba ni ya nani? Akafikiri. Nilimwona anafikiri. Akasema, basi usiandike.

Nikauliza, na barua yangu, Mkuu? Ipo, akasema. Ipo wapi? Ipo. Nikamuuliza mara ya tatu, sauti yangu imepanda, hata Fomu One nje wakanyamaza. Akasema, Fadhila, usinifanye nijione mtu mbaya. Mimi nina miaka hamsini na mbili. Nimesimama mbele ya walimu wenye digrii kama yangu, wengine watoto wangu wa kuwazaa. Nilitaka na mimi nivae joho.

Sikutegemea hilo. Nimetoka bila kuaga. Nilikuja kuchukia, sasa nachukia na huruma imo ndani, kero mbili kwenye sahani moja.

Jumatano, 28 Mei

Hakuna. Mvua. Vipindi vyote nimeingia. Nimefundisha vizuri kwa hasira.

Ijumaa, 30 Mei. Ofisini kwa Mkuu

Naandikia kwenye meza ya Mkuu. Sikuvunja mlango!

Kaondoka alfajiri kwenda kwa Madam Eugenia, suti ya kijivu, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Kaniachia funguo na kikaratasi: Mwl. Fadhila, utakaimu leo. Mhuri upo droo ya juu. Usitoke ofisini. Hajui kuandika bila sampuli lakini hiki kakiandika mwenyewe, mwandiko wake, sahihi yake, tarehe ya leo. Kwa hiyo leo Mkuu wa Shule ni mimi.

Saa tatu nimeamulia ugomvi wa ndoo. Saa nne nimempokea mzazi. Saa tano nimefungua droo ya juu, nikaona mhuri. Chini ya mhuri, barua yangu na ratiba yake. Duara la kikombe cha chai katikati kabisa, juu ya neno naomba. Mistari mitatu ya maoni mitupu, kama nilivyoileta. Huo ndio mchakato. Umelala ofisini humu siku ishirini na nne.

Saa sita na dakika kumi ujumbe wa Mkuu kwenye WhatsApp. Mtaaluma wangu, nitumie ile ratiba iliyosafishwa, toa yale mambo ya kina mama, na Shangazi, na Abeid. Madam ananisubiri. Halafu mikono miwili ya kuomba.

Halafu mwingine: nakuahidi mwakani.

Kusafisha ni dakika tano. Ninayo kwenye laptop. Nafuta, natuma, Mkuu anavaa joho, mimi nangoja mwakani. Na mwakani nani atakuwa na vigezo?

Nimempigia Latifu wa bodaboda. Nimemuuliza kutoka hapa mpaka Kisarawe kwa tope hili. Akasema, mwalimu, saa moja na nusu, ukitaka nife, saa moja na robo. Nimemwambia asife, aje tu. Yupo nje, hajazima pikipiki. Walimu wamejazana kwenye dirisha la ofisi yao wanajifanya wanasahihisha. Hashiru kanyoosha dole gumba, halafu kaliteremsha haraka, maana hajui bado nani atashinda.

Shangazi kaingia bila hodi, Zuwena mgongoni analia. Nikamwambia Shangazi, siruhusiwi kutoka ofisini. Akasema, basi mtoto aje ofisini. Kakaa kiti cha wageni kile kizuri, kavua kandambili. Akauliza hii ndiyo meza yake? Mbona ndogo?

Mtoto yuko kifuani sasa. Naandika humu kwa mkono wa kulia, huku napumzika kidogo kujaza ile barua. Maoni ya Mkuu wa Shule. Mstari wa kwanza nimejaza: Mwombaji ni mchapakazi na ana cheti cha mfanyakazi hodari. Wa pili: Ratiba iliyoambatanishwa ni yake mwenyewe, pamoja na mtoto, Shangazi na Abeid. Mstari wa tatu bado. Mhuri nimeujaribu kwenye kiganja, umetoka vizuri, kila herufi inasomeka.

Simu inaita. Mkuu. Shangazi kaangalia kioo cha simu akasema, huyo mzee si anakuita, huipokei?

Nimeangalia saa ya ukutani. Saa saba na dakika nane. Nimemwambia, Shangazi, ratiba aliyoisaini inasema saa saba yuko nyumbani ananyonyesha. Si vizuri kumsumbua.

Inaita tena.